RAMADHANI 14: HAKI YA ANAYETUUGUZA



Ndugu zangu wa Kansay, na nyie mlioko Karatu mjini, Endabash, Mang'ola na kokote mnakotusoma, alhamdulillah tumefika siku ya 14. Tumuombe Allah atukubalie tulizofunga na atufikishe salama kwenye zilizobaki.

Juzi tulizungumzia thawabu za kumtembelea mgonjwa. Meseji zilizokuja baada ya somo lile zilikuwa nyingi, ila nyingi hazikuhusu wagonjwa. Zilihusu manesi. Mmoja aliandika, "Ustadhi, tuombee manesi wapate huruma." Mwingine akauliza kama ni ghiba kumsema nesi aliyemfokea mama mjamzito. Mwingine alisema wazi kwamba siku hizi anaogopa kumpeleka mtoto zahanati kwa sababu ya maneno atakayoambiwa.

Malalamiko haya siyachukulii kirahisi. Mgonjwa akiogopa zahanati, atabaki nyumbani mpaka hali iwe mbaya, na hapo tunazungumzia uhai. Mnajua Suratul Maida, aya ya 32, inavyotufundisha: anayeokoa nafsi moja hesabu yake ni kama ya aliyewaokoa watu wote. Sasa tujiulize, huyu ambaye kazi yake ni kuokoa nafsi, yeye mwenyewe yuko kwenye hali gani anapoifanya?

Nianze na hadithi ambayo wengi tunaihusisha na mahakama tu. Mtume (s.a.w.) amekataza kadhi asihukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Wanazuoni wa fiqhi walipoitazama hadithi hii waliuliza, kwa nini hasira? Wakasema ni kwa sababu hasira inaivuruga akili, na kadhi akivurugika akili haki ya mtu inapotea. Kwa hiyo wakapima na mengine yanayofanana nayo: njaa kali, kiu kali, usingizi mzito, maumivu, huzuni kubwa, hata kubanwa na haja. Kadhi akiwa kwenye hali hizo aahirishe kesi mpaka atulie.

Tazama dini ilivyo na hekima. Haikumwambia kadhi avumilie tu kwa kuwa ana cheo na kiapo. Ilitambua kuwa kadhi ni mwili na damu, na kwamba mwili wake ukielemewa, atakayeumia ni yule aliyekaa mbele yake akisubiri haki.

Sasa mtoe kadhi, muweke nesi. Mchukue nesi wa zahanati ya kijijini, mahali ambapo watumishi ni wawili au mmoja. Asubuhi amefungua kliniki ya watoto, amepima uzito, amechoma chanjo, ameandika kadi. Mchana amewaona wagonjwa wa nje. Jioni anajaza vitabu vya taarifa. Saa nane usiku mlango unagongwa, kuna mama ana uchungu. Anashika mpaka alfajiri. Saa mbili asubuhi foleni imeshajaa tena na watu wanatazama saa. Mtoto anayefuata ana homa, na dozi yake inapigwa kwa uzito wa mwili. Nukta moja ikikaa vibaya kwenye hesabu ile, dawa inazidi mara kumi. Huyu nesi kesi yake hawezi kuiahirisha kama kadhi. Mtoto anaumwa sasa hivi.

Na sisi tuliofunga tuna ushahidi wa hili miilini mwetu. Mimi ni mwalimu kwa kusomea. Kila Ramadhani naona saa tisa alasiri mwanafunzi aliyefunga anavyokosea hesabu ambayo asubuhi aliifanya bila shida. Na majumbani je? Saa kumi na moja jioni, mwenzio akiuliza kitu kidogo tu, jibu linatoka na moto. Hatujawa watu wabaya kwa siku hiyo. Mwili umepungukiwa, na ulimi ndio unaotangulia kuonyesha. Tofauti ni kwamba sisi tunajua adhana ya magharibi itaingia, uji upo na tende zipo. Mtumishi anayedai malimbikizo yake tangu mwaka juzi, anayeishi chumba kinachovuja na aliyekesha siku ya tatu, adhana yake haijulikani itaingia lini.

Sisemi haya ili tumuonee huruma halafu tuishie hapo. Nasema kwamba maslahi ya mhudumu ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa. Usingizi wake, mshahara wake, nyumba yake, maji yake na usalama wake usiku, vyote vinamfikia mgonjwa kitandani kupitia mikono yake.

Hapa kuna neno moja linalotumika vibaya. Neno lenyewe ni "wito". Mhudumu akisema amechoka, anajibiwa kuwa uuguzi ni wito. Akidai posho ya kuitwa kazini usiku, anaambiwa thawabu zake ziko kwa Mungu. Ndugu zangu, thawabu kweli ziko kwa Mungu, lakini ujira uko kwetu.

Tumsome Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu, amechoka. Akawakuta mabinti wawili wamezuia wanyama wao pembeni, wachungaji wanaume wamejaa kisimani. Akawanyweshea, hakuomba chochote, akaenda kukaa kivulini na kumuomba Mola wake. Hiyo ni kazi ya wito kabisa. Je, baba yao mzee alisema, "huyo kafanya kwa ajili ya Mungu, tumuache"? Hapana. Alimtuma binti yake amuite ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Kisha akampa usalama, na baadaye akampa kazi yenye mkataba wenye miaka inayojulikana. Musa kutenda kwa ikhlasi hakukuifuta haki yake. Na mzee kulipa hakukuziharibu thawabu za Musa.

Mtume (s.a.w.) naye ametuonya kuwa Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyemuajiri mtu, akapata kazi yake yote, asimpe ujira wake. Imepokewa na Bukhari. Kuwa na mtu mahakamani tunaogopa. Kuwa na Allah kama mgomvi wako, nani ataweza?

Na Waislamu wa zamani walilielewa hili. Mwaka 88 Hijria, sawa na 707 Miladia, Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik alianzisha nyumba ya wagonjwa kule Damascus. Wanahistoria wanaeleza kuwa aliweka matabibu ndani yake na akawapangia posho zao. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa Cairo na akaiwekea wakfu. Mapato ya wakfu yale yalinunua dawa na chakula cha wagonjwa, na humo humo yakalipa madaktari na wahudumu. Hawakujenga kuta kisha wakamwambia tabibu ajitafutie.

Sasa turudi kwetu. Tukiacha kumlipa na kumtunza anayetuuguza, nini kinatokea? Tumeshaona. Januari 2012 mgogoro ulianzia Muhimbili kwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo waliokuwa wanadai posho zao, ukageuka mgomo na kusambaa. Ukatulia Februari, ukarudi tena Juni. Walidai mishahara, posho ya kuitwa kazini, makazi, bima, na posho ya kufanya kazi kwenye hatari. Vilevile walidai vifaa vya kumtibia mgonjwa. Jirani zetu Kenya waliona makubwa zaidi. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia Desemba 5, 2016 mpaka Machi 14, 2017, siku 100, wakidai mkataba wa maslahi uliosainiwa mwaka 2013 utekelezwe.

Siko hapa kutoa hukumu ya nani alikuwa na haki. Ninachowaomba mkitazame ni nani aliyelipa gharama. Mwenye pesa alikwenda hospitali binafsi. Aliyebaki na mgonjwa wake kwenye benchi ni masikini. Haki ya mfanyakazi ikicheleweshwa, deni linalipwa na mtu ambaye hakukopa.

Na mgomo unaoonekana angalau unatangazwa redioni. Uko mgomo wa kimya kimya ambao hautangazwi popote: mhudumu amekuja kazini lakini moyo haupo, anajibu kwa mkato, anaangalia saa, au ameomba uhamisho na anasubiri barua tu. Huo ndio unaotupata zaidi sisi wa vijijini.

Tuseme ukweli, yapo yaliyofanyika na tushukuru. Mei Mosi ya 2025 kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kipande kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kabla ya hapo, Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ilipeleka wahudumu wa afya maeneo magumu kufikika na kuwajengea nyumba karibu na vituo. Waliona mapema kwamba ukimpeleka mtu kijijini bila kumpa pa kulala, hujampeleka, umempitisha tu.

Lakini mshahara wa serikali haumfikii kila anayevaa sare. Kwenye vituo vingi vya nchi hii kuna vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi na utabibu, hawajapata ajira, wanajitolea. Wanachoma sindano zilezile na kukesha usiku uleule, na mwisho wa mwezi wanapewa nauli kidogo au hawapewi kitu. Kupanda kwa mshahara ni habari wanayoisikia kwa jirani.

Sasa mtu atasema, "Ustadhi, haya ni ya serikali. Sisi wakulima wa mahindi na mbaazi tufanye nini?"

Sikilizeni hadithi ya Abu Dharr (r.a.), iliyoko Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwazungumzia watumwa waliokuwa chini ya mikono ya watu. Akasema hao ni ndugu zenu, waleni mnachokula, wavae mnachovaa, msiwabebeshe wasichokiweza, na mkiwabebesha basi wasaidieni. Kama haki hiyo ni ya mtumwa, vipi kwa mtumishi huru, mtoto wa watu, aliyetoka mbali kuja kuwazalisha wake zetu? Tumeshambebesha zaidi ya anachoweza. Kilichobaki ni kumsaidia. Nataja machache tunayoyaweza.

La kwanza ni makazi na maji. Yule bibi Rufaida Al-Aslamiyya (r.a.) aliyewatibu majeruhi Madina, hema lake lilikuwa msikitini kwa Mtume, katikati ya watu. Hata Saad bin Muadh alipojeruhiwa kwenye vita vya Khandaq alipelekwa humo. Hakutupwa nje ya mji ajitegemee. Nyumba ya mtumishi wa zahanati ikivuja, hilo ni jambo la kijiji. Tuna mafundi, tuna mchanga, tuna vijana. Kiangazi maji yakiwa shida, punda wako anayekwenda bombani ashushe madumu mawili kwa nesi pia.

La pili ni usiku. Mkienda kumgongea saa nane, msimtume mtoto mmoja. Nendeni watu wazima wanaojulikana, mpelekeni na mrudisheni mpaka mlangoni kwake, hasa akiwa mwanamke. Masika haya njia zinateleza na giza ni giza.

La tatu ni ulimi. Ukifika zahanati, salimia. Asiyekuwa Muislamu msalimie kwa salamu yake. Wengi wanaotuhudumia hapa ni majirani zetu Wakristo, na haki ya jirani haiulizi anasali wapi. Dawa zikiwa zimeisha, kumbuka kwamba aliye dirishani siye anayeagiza kutoka bohari. Akituhudumia vizuri tuseme asante mbele ya watu. Mtume ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

La nne ni mkutano wa kijiji. Hapa namjibu aliyeuliza kuhusu ghiba. Kumsema mhudumu kijiweni ni ghiba, na inapunguza swaumu yako. Kupeleka malalamiko ya kweli kwa anayeweza kurekebisha, yaani mganga mfawidhi, kamati ya zahanati au serikali ya kijiji, hiyo si ghiba, wanazuoni wameiruhusu. Ila ukisimama kulalamika kuhusu lugha ya nesi, uliza na hili: watumishi wako wangapi, wanatakiwa wangapi, wa kujitolea analipwa nini, na maombi ya kuongezewa watu yamefika wilayani? Tunakwenda mkutanoni kupigania barabara na josho. Tupiganie na hili.

La tano ni mali, na hapa tuwe waangalifu. Kuna aliyeuliza kama anaweza kumpa zaka kijana anayejitolea. Akiwa fakiri, masikini au ana madeni yaliyomshinda, anastahiki kama wengine wenye sifa hizo. Unampa kwa sababu ya uhitaji wake. Huwezi kuhesabu zaka kuwa ndiyo mshahara wa kazi yake. Na kumpa mhudumu kitu mkononi ili akuruke foleni au akupe dawa ya mwenzako, hiyo ni rushwa hata ukiiita soda. Mtume (s.a.w.) alimkemea mkusanya zaka aliyerudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa. Alimuuliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake angeletewa zawadi hizo? Kwa hiyo msaada wa jamii tuupitishe kwenye kamati, mchana kweupe, uandikwe, na usimnunulie mtu nafasi.

Sasa nigeuke kwenu nyie wahudumu wa afya mnaosoma hapa, maana najua mmo.

Nimewatetea kwa sababu mna haki. Lakini uchovu unaeleza kosa, hauliruhusu. Yule mama anayelia kitandani siye aliyezuia posho yako. Ukimfokea, umechukua deni la mkubwa ukamdai mdogo, na hiyo ni dhulma. Ukihisi hasira imepanda, kumbuka kadhi: simama kidogo, kunywa maji kama hukufunga, tawadha, kisha rudi. Hesabu ya dozi irudie mara ya pili, au muombe mwenzako aitazame. Kusema "nimechoka, nisaidie kuangalia" si udhaifu. Ni kulinda amana.

Na wale mnaofunga mkiwa zamu: kufunga ni faradhi na Allah awape nguvu. Lakini ikifika mahali uhai wa mgonjwa uko mikononi mwako, na swaumu imekuishia nguvu kiasi kwamba huwezi kumuokoa, wanazuoni wameruhusu kufungua, kama walivyoruhusu kwa anayemuokoa anayezama, kisha utalipa siku hiyo. Asikutishe mtu. Na maslahi yenu daini kwa njia halali, kwa umoja, kwa maandishi, na sisi waumini tuwe nyuma yenu wakati bado ni barua, kabla hayajawa mgomo.

Kwa hiyo, zoezi la leo. Kabla ya magharibi, kila nyumba imfikirie mhudumu mmoja wa afya anayeijua. Kama yuko zamu leo, futari yake itoke kwenu. Ukipika makande, ongeza kikombe kimoja cha mahindi. Kama hakufunga, chakula ni chakula. Usimpe ukiwa na mgonjwa wako kwenye foleni, mpe siku ambayo huna shida naye. Muulize: "Dada, unalala vizuri? Nyumba ina shida gani?" Jibu atakalokupa usiliache njiani, lipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji.

Tuombe.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Mponyaji. Waponye wagonjwa wetu walioko majumbani na mawodini. Wape wanaowauguza afya, subira, riziki ya halali na usingizi wenye utulivu. Wape viongozi wetu uadilifu wa kumlipa kila mtu haki yake kwa wakati. Tuepushe tusiwe wagomvi wako Siku ya Kiyama kwa jasho la mtu tulilolila. Wasamehe waliotangulia kwa kukosa matibabu. Amin.

Kesho inshaAllah tutaendelea na adabu za kumi la mwisho ili tujiandae mapema. Mwenye ndugu anayefanya kazi hospitali amtumie somo hili, na amwambie kuwa leo Kansay tumemuombea.

Wabillahi tawfiq. Futari njema.